Poda koti si kila rangi nyeusi isiyong'aa

Siku hizi Arusha kila bomba jeusi lisilong'aa ni "poda koti". Bampa la Land Cruiser lililopulizwa uani kwa kompresa, poda koti. Keria ya juu iliyopakwa kwa brashi, nayo poda koti. Juzi nimemsikia fundi rangi akimwahidi mteja kwamba atampigia poda koti roli keji, yaani ile fremu ya mabomba inayokaa ndani ya gari ili paa lisiwabonyee waliomo likipinduka. Roli keji yenyewe ilikuwa imeshachomelewa kwenye bodi, viti vimefungwa, nyaya zimepita, tanki lina mafuta. Mteja akakubali bei. Biashara ya watu sikuiingilia, ila maana ya maneno tunaweza kuijadili.

Maana yenyewe ni fupi. Poda koti ni unga mkavu wa plastiki na rangi, usio na tina (kiyeyusho cha rangi) wala maji, unaopulizwa kwenye chuma ukiwa na chaji ya umeme; kisha chuma kizima kinaingia kwenye tanuri mpaka unga uyeyuke, utandae na ukomae kuwa ngozi moja. (Na hapana, mtaa wa Unga Limited hauhusiki.) Ukitaka kuiona, angalia fremu za madirisha ya aluminiamu, nyingi zimevikwa hivyo. Duko na 2K ni rangi za maji-maji: duko hukauka tina ikishapaa, 2K hukomaa kwa hadena, dawa ya kugandisha uliyoichanganya. Zote mbili hupulizwa kwa bunduki ya kompresa, na gari linabaki pale pale lilipo.

Kinachonikera ni tanuri kusahaulika. Unga unahitaji nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 20, kutegemea aina, na dakika hizo huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifikie joto hilo, si tangu mlango ufungwe. Bomba jembamba hupata moto mapema, bamba nene la mguuni mwa fremu huchelewa. Fundi mwenye haraka anayeangalia saa ya ukutani hutoa kazi ambayo mabomba yameiva na miguu bado mbichi, na kwa macho hutajua. Utajua siku spana itakapoanguka juu yake na kipande kibanduke.

Hapo ndipo ulipo mkanganyiko wa pili. Gereji zenye chumba cha kupulizia rangi hukausha gari kwa joto la nyuzi 60 hivi, na mteja akisikia gari lake "limeingia tanuri" anaondoka akijua kapigiwa poda. Nyuzi 60 zinaiharakisha 2K. Unga kwenye nyuzi 60 ungebaki unga, ungeufuta kwa kiganja.

Tena si suala la kukausha. Unga ule unayeyuka kwanza, halafu kemikali zake zinashikana na hazifunguki tena, kama andazi ambalo likishaiva hulirudishi kuwa ngano. Ndiyo maana tina ya kawaida haiiyeyushi poda iliyoiva, na ndiyo maana pia huwezi kuirekebisha kwa kuipasha moto upya.

Ukiangalia historia utaona kipi ni lazima na kipi ni nyongeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kule Ujerumani, Erwin Gemmer alikuwa akichovya vyuma vya moto kwenye unga uliopulizwa hewa kutoka chini mpaka ukawa unaelea. Bunduki ya umeme ilishika kasi baadaye, miaka ya 1960. Kwa hiyo poda koti bila chaji imewahi kuwepo, na ilifanya kazi. Poda koti bila joto, hiyo ya uani kwetu, haijawahi.

Sasa huyo mteja. Ili roli keji iliyochomelewa ipate poda, bodi nzima iingie tanurini bila vioo, bila mipira, bila nyaya, mikanda, dashibodi wala tanki, na bila puti (ile ya kujazia mabonyeo ya bodi) hata chembe, maana puti ya kawaida haihimili joto hilo. Inawezekana kwa bodi tupu na tanuri la kumeza gari. Kwa gari litakalotakiwa kupandisha wageni Ngorongoro Jumatatu, haiwezekani.

Roli keji ya kufunga kwa bolti ni habari nyingine, unaifungua na kuipeleka vipande. Vivyo hivyo magari ya kujiundia, yale yanayouzwa vipande ukaunganishe mwenyewe; fremu huwa tupu kabla haijavishwa chochote, na huo ndio wakati wa kuipeleka kwenye unga. Mtindo huo umelelewa sana Uingereza. Lotus Seven ya 1957 iliuzwa vipande kwa kuwa gari kamili lilikuwa na kodi ambayo vipande havikuwa nayo, na Mtanzania aliyewahi kutoa gari bandarini hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo kijana wa Moshi anayeunda bagi yake, kigari chepesi cha fremu ya mabomba, nyuma ya nyumba ana haki ya kutamka "poda koti" kuliko nusu ya gereji za mjini, mradi aulize urefu wa tanuri kabla hajachomelea bomba la mwisho.

Lakini hata yeye ajue jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Unga hufuata umeme. Bunduki huupa chaji ya kilovolti 60 hadi 100, chuma kinaunganishwa na ethi (waya wa kwenda ardhini), na unga unakimbilia palipo wazi: mgongo wa bomba na kingo. Kwenye kona ya ndani, pale mabomba matatu yanapokutana na kibamba cha pembe tatu kikachomelewa kati yake, umeme hauingii vizuri, na unga nao unakataa. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1836 kwa chumba alichokivika chuma: nje chaji tele, ndani hakuna kitu. Sasa fikiria roli keji yote ni kona za namna hiyo. Pale penye weldi, pale ambapo kutu ikianza ina madhara, ndipo koti linapokuwa jembamba kuliko kwingine.

Fundi anayeijua kazi hupunguza volti, huanza na kona, na mabomba marefu huyaacha mwisho. Ukienda kuchukua mzigo wako beba tochi, inama, mulika nyuma ya vile vibamba. Ukiona kijivu cha chuma, au weldi yenye vitundu vidogo mithili ya ncha za sindano, mrudishie. Vitundu hivyo hutokea hewa au mafuta yaliyojificha ndani ya weldi yanapotoka wakati wa kuchomwa, na kila kitundu ni mlango wa maji. Masika ikija utaona mistari ya kahawia ikishuka kwenye bomba.

Pia uliza ni unga gani. Wa epoksi unashika chuma vizuri na kuzuia kutu, ila jua huufanya upauke na kutoa vumbi la chaki. Kwa gari la safari lenye paa la kufunguka, kwenye jua letu hili na mwinuko huu, ni matusi. Wa poliesta ndio wa nje. Wenye kujali huweka epoksi chini na poliesta juu.

Na sehemu zinapokutana, bamba juu ya bamba, zizibwe kwa utepe wa kuhimili joto kabla ya kupuliza. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka kila mguu wa nguzo kuu za roli keji ushikwe na bolti zisizopungua 3 za M8 (unene wa milimita 8), daraja la uimara la 8.8. Mtu anazifuata barua kwa barua, halafu anaacha ngozi ya plastiki katikati. Ngozi hiyo hubonyea taratibu chini ya bolti, na mitikisiko ya barabara ya kwenda Naabi, lango la Serengeti, inamalizia kazi. Bolti ulizozikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, utazikuta zinazunguka kwa vidole.

Kuhusu hofu kwamba tanuri linadhoofisha chuma: kwa bomba la chuma la kawaida, nyuzi 200 ni kidogo mno. Aluminiamu iliyoimarishwa kwa joto ndiyo ya kuangaliwa.

Nimeeleza yote haya na bado naona kwa roli keji iliyochomelewa, 2K juu ya praima ya epoksi ndiyo kazi sahihi, wala si ya kuionea aibu. Ikichubuliwa na buti la dereva unapiga msasa hapo tu, unapuliza hapo tu. Ukitaka kuongeza kishikio cha kizima moto, unakwangua nafasi ndogo, unachomelea, unarudishia rangi jioni. Poda ikishatobolewa, unyevu hutambaa chini yake kimya kimya, na siku ukigundua inavuliwa kwa vipande virefu na kutu imeshatanda. Tena koti nene lenye kunyumbuka linaweza kuuficha ufa mwembamba wa weldi ambao mkaguzi alitakiwa auone.

Kwa hiyo fundi wangu, bei yako sina ugomvi nayo, na mkono wako nimeuona, uko vizuri. Kwenye risiti tu andika ulichofanya: "Roli keji, praima ya epoksi, 2K nyeusi isiyong'aa." Fundi atakayekuja baada yako atajua anachokwangua. Na kama ulipiga duko, andika duko, maana yeye akiamini neno poda koti ataipangusa kwa kitambaa chenye tina, na rangi yote itahamia kwenye kitambaa.