Kubadilisha Jina la Mbinu ya Usimulizi kwenye Wiki: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

TV Tropes ni wiki, yaani tovuti ambayo watumiaji wake wenyewe huiandika na kuihariri, iliyoanzishwa mwaka 2004, na kazi yake ni kukusanya mbinu ambazo watunzi wa hadithi, filamu, katuni na michezo ya kompyuta huzirudiarudia, kila mbinu ikiwa na ukurasa wake, jina lake, maelezo yake na orodha ya kazi ambamo imeonekana. Kwa kuwa wahariri ni wengi na kila mmoja amezitazama filamu kwa jicho lake, hoja ya kubadilisha jina la mbinu fulani huzua mabishano makali, na mengi kati yake hutokana na dhana ambazo hazina msingi.

Dhana potofu: jina likitumiwa vibaya, kosa ni la jina, na dawa yake ni kulibadilisha.

Mara nyingine huwa hivyo kweli. Ukurasa uliokuwa ukiitwa Nakama ulihusu kundi la wahusika wasio ndugu wa damu ambao wanapendana na kulindana kama familia moja. Neno lenyewe ni la Kijapani na maana yake ni ya kawaida kabisa: mwenzako wa kazi, mtu wa kundi lenu, anayelifasiri “mwenzetu” hatakuwa amekosea sana. Mashabiki waliokuwa wakiifasiri katuni ya One Piece kwa Kiingereza walizoea kuliacha lilivyo, wakalivika uzito usio wake, kana kwamba lilitaja udugu unaoupita hata ule wa damu. Matokeo yake ni kwamba asiyefuatilia katuni za Kijapani hakuambulia kitu, na anayekijua Kijapani alielewa jambo jingine. Jina lilipobadilishwa kuwa True Companions, yaani wenzi wa kweli, lilianza kusema lenyewe kile ambacho ukurasa ulikuwa ukikieleza.

Mary Sue ni habari nyingine. Jina hili lilitungwa na Paula Smith mwaka 1973 katika kihadithi cha kuwadhihaki mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga za juu, waliokuwa na mazoea ya kutunga hadithi zao na kuingiza ndani ya chombo cha angani msichana asiye na dosari, hodari wa kila jambo, anayependwa na kila mtu. Siku hizi hubandikwa mhusika yeyote wa kike ambaye mtazamaji hakupendezwa naye. Hakuna anayekana kwamba matumizi yamepotoka, lakini jina halikuzaliwa kwenye wiki, na wiki kuliacha hakutawazuia watu kulitumia kwingineko. Ukurasa ukabaki na jina na maelezo yake, ila mifano haikuruhusiwa tena. Kwa maoni yangu, huo ni uamuzi wa busara kuliko kutafuta jina jipya, kwa sababu watu walikuwa wakigombania nani aingizwe kwenye orodha, wala si jina.

Ili kutofautisha hali hizi mbili, sharti mtu akubali kazi ya kuhesabu, ambayo ni ya kuchosha. Mwenye pendekezo huchukua kurasa zenye kiungo cha jina linalobishaniwa, tuseme kurasa 50, akazisoma moja baada ya nyingine na kuzigawa mafungu: zilizolitumia sawasawa, zilizolitumia kwa maana nyingine, na zile ambazo jina limetupwa tu katikati ya sentensi bila maelezo, hata haijulikani mwandishi alikusudia nini. Fungu la pili ndilo lenye habari. Iwapo makosa yote yanaelekea upande mmoja, yaelekea jina linawahadaa wasomaji. Yakiwa yametawanyika kila upande, basi huenda maelezo ya ukurasa hayana mipaka. Na iwapo yote yanafanana na mbinu ambayo bado haijaandikiwa ukurasa, kinachohitajika ni ukurasa mpya.

Dhana potofu: wengi wakilichukia jina, mjadala umekwisha.

Kura hupigwa, lakini kura isiyotanguliwa na ushahidi hupima tu ni nani waliokuwapo siku hiyo. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ambako ombi la kuhamisha ukurasa kwa kawaida hujadiliwa kwa siku 7, anayefunga mjadala hutakiwa kupima uzito wa hoja, si kuhesabu vichwa.

Dhana potofu: jina zuri ni lile linalojieleza, kwa hiyo majina ya watu yaondolewe yote.

Hoja hii ina nguvu kwa jina kama Xanatos Gambit, lililotokana na mhusika wa katuni ya Gargoyles iliyoanza mwaka 1994. Mbinu yenyewe ni hila iliyopangwa hivi kwamba vyovyote mambo yatakavyokwenda, mwenye hila atafaidika, lakini wasioijua katuni hiyo waliibandika kwenye kila njama yenye mizunguko mingi. Bunduki ya Chekhov, hata hivyo, imo katika mazungumzo ya watunzi tangu kabla ya wiki kuwapo: Chekhov mwenyewe, mwandishi wa hadithi na tamthilia wa Urusi, aliandika katika barua ya mwaka 1889 kwamba bunduki iliyojaa risasi isiwekwe jukwaani ikiwa hakuna atakayeifyatua. Wanafunzi wetu wa fasihi wanalijua tatizo hili kwa karibu, kwani mbinu ileile ya kurudisha hadithi kwenye matukio yaliyopita huitwa mbinu rejeshi na mwalimu mmoja, na kisengere nyuma na mwingine. Jina la kwanza linajieleza, la pili linataka kufundishwa, na yote mawili yanaishi.

Dhana potofu: ni suala la kubofya mara moja, na jina la zamani hufutika.

Kwenye TV Tropes jina la ukurasa ndiyo anwani yake, na viungo vilivyotapakaa katika kurasa za filamu na vitabu havijibadilishi vyenyewe. Wahariri huvirekebisha kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, wakisoma kila mfano ili ule uliokosewa usihamishiwe jina jipya pamoja na kosa lake. Anwani ya zamani kwa kawaida huachwa iwe elekezo, ili aliyeihifadhi miaka iliyopita afike palepale alipokuwa akienda.