Pori lina wenyewe: gari-nyumba kwenye pwani ya kaskazini ya Norwei

Jambo la kwanza analoambiwa mgeni anayekodi gari-nyumba Norwei, bobil kwa lugha ya huku, ni kwamba nchi hii ruksa kulala popote. Atatajiwa na neno lenyewe, allemannsretten, yaani haki ya kila mtu. Haki hiyo ipo kweli, imo katika sheria ya mwaka 1957. Ila inamhusu mtembea kwa miguu na hema lake: anaweza kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, umbali wa mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa, akalala hapo hadi siku mbili bila kumwomba mtu. Gari halimo. Kuendesha gari nje ya barabara, porini, kumekatazwa na sheria nyingine ya mwaka 1977. Mwenye gari-nyumba anabaki na kanuni za maegesho, na katika visiwa vya Lofoten baadhi ya manispaa zimeweka maeneo ambamo kupiga kambi ni marufuku kabisa.

Naelewa kwa nini wenyeji wamechoka. Lofoten tunaiita pori kwa sababu picha zake ni milima na bahari tu. Ukifika unakuta vijiji vya wavuvi, kondoo, na vichanja vikubwa vya mbao ambako samaki hutundikwa kuanzia majira ya baridi hadi wakauke kwa upepo. Yale majani mazuri kando ya ufuo, unayotamani kuegesha juu yake, mara nyingi ni malisho ya mtu ya msimu mzima. Na kile kipande cha lami kilichotanuka kidogo pembeni ya barabara nyembamba, chenye kibao cha bluu na herufi M nyeupe, si maegesho. Ni mahali pa kupishana. Ukiliacha gari hapo uende kupiga picha, basi la wanafunzi na lori la samaki yanakwama uso kwa uso, na mmoja lazima arudi nyuma kwenye kona.

Halafu kuna suala la choo, ambalo watu huona haya kulizungumza. Kaseti ya choo cha gari-nyumba, yaani chombo kinachopokea uchafu, kwa kawaida haifiki hata lita 20. Watu wawili huijaza ndani ya siku mbili tatu. Wapo wanaoamini kwamba ukimwaga mbali na barabara, ardhi itameza. Haimezi. Udongo wa huku ni ganda jembamba juu ya mwamba, baridi inachelewesha uozaji, na kijito kilicho chini yako huenda ndicho kinachojaza tangi la nyumba za bondeni. Dawa ya bluu iliyo ndani ya kaseti ndiyo inazidisha madhara. Tafuta kibao cha tømmestasjon, yaani kituo cha kumwagia uchafu wa choo. Vituo hivyo vipo kwenye kambi za magari na baadhi ya vituo vya mafuta. Unaichomoa kaseti ubavuni mwa gari, unaikokota kwa vigurudumu vyake, unamwaga, unasuuza, umemaliza. Dakika tano.

Kuhusu baridi, wengi hutarajia barafu tupu kwa kuwa wako kaskazini ya Mzingo wa Aktiki. Pwani hii hupashwa na mkondo wa bahari ya joto, na Lofoten wastani wa Januari hukaribia sifuri tu. Kinachotesa ni upepo. Hata hivyo, ukienda majira ya baridi hakikisha mtungi wako wa gesi ni wa propeni. Buteni hukataa kugeuka gesi ikikaribia nyuzi sifuri, nawe utaamka alfajiri hita imezimika na mtungi bado mzito.

Lofoten haihitaji feri. Tangu 2007 barabara ya E10 inafika kwa nchi kavu, madaraja na mahandaki. Feri ya kutoka Bodø, mji wa bara, hadi Moskenes huko Lofoten, zaidi ya saa tatu majini, ni ya kupunguza mzunguko. Nordkapp nayo, rasi maarufu ya mbali zaidi kaskazini, si ncha ya kaskazini ya Ulaya kama inavyosemwa. Iko kisiwani, unapita handaki la karibu kilomita 7 chini ya bahari, na rasi jirani ya Knivskjellodden imeizidi kuelekea kaskazini kwa zaidi ya kilomita moja. Huko gari halifiki. Ni miguu, kama kilomita 9 kwenda.

Ukiwa Finnmark, jimbo la kaskazini kabisa, utakutana na kulungu wa Aktiki barabarani, na utadhani ni wanyamapori. Hapana, hao ni mifugo. Kila mmoja ana mwenyewe, mfugaji Msami, wa jamii ya wenyeji asilia wa kaskazini, na alama yake imekatwa masikioni. Ukimgonga unapiga simu polisi. Siku za joto hukimbilia ndani ya mahandaki kukwepa wadudu, wakasimama gizani wametulia, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya mdomo wa handaki, sio baada ya kuingia.