Mainasi sita siyo hedirumu

Kazi yangu ni mastaringi, yaani kuunyoosha wimbo mara ya mwisho kabla haujatoka. Siku hizi faili nyingi za miksi (wimbo ulioshachanganywa sauti zake zote) zinakuja na ujumbe wa aina moja, ziwe zimetoka Ngarenaro, Sakina au Unga Limited, mitaa ya Arusha: "Braza, miksi iko mainasi sita, hedirumu ipo ya kutosha, wewe piga mastaringi tu." Unafungua faili, na kweli mita ya sauti haivuki desibeli -6. Unavuta karibu picha ya wimbi pale kiki inapogonga (kiki ya ngoma, siyo zile za mitandaoni), unakuta juu pamenyooka mstari na chini pamenyooka mstari, kiki ya kwanza mpaka ya mwisho. Mainasi sita unaiona kwa macho. Hedirumu huioni.

Maana yenyewe ni fupi. Hedirumu ni nafasi iliyopo kati ya kiwango cha kawaida cha sauti na dari, yaani pale kifaa kinapoanza kukata mawimbi. Inahesabiwa kwa desibeli. Hakuna ugumu hapo. Ugumu uko kwenye hiyo namba ambayo kila mtu anaitaja bila kusema kaipima kwa mita gani, wakati desibeli ni ulinganisho tu, haina maana mpaka useme unalinganisha nini na nini.

Mkanganyiko huu ni wa zamani kuliko studio zetu zote. Mita ya sindano, ile ya VU, ilitengenezwa Marekani mwaka 1939 na Bell Labs wakishirikiana na mashirika ya utangazaji ya CBS na NBC. Sindano yake ni nzito kwa makusudi: inachukua kama milisekunde 300 kufika inapotakiwa, kwa hiyo snea (ile ngoma ya mlio mkali) inapolia, mlio wake mkali umeshapita sindano ikiwa bado njiani. Mita hiyo haikutengenezwa kukimbizana na vilele, yaani sehemu za juu kabisa za wimbi. Inaonyesha sauti ilivyo kwa wastani, na sifuri yake haikuwa dari hata kidogo. Ilikuwa mahali pa kufanyia kazi, volti 1.228 kwenye vifaa vya studio, na juu ya hapo mashine nzuri ilikuwa bado na desibeli ishirini hivi kabla ya kuanza kukata. Nafasi hiyo ya juu ya sifuri ndiyo mafundi waliyoiita hedirumu.

Kompyuta ilipoingia, sifuri ikahamishwa. Kwenye dBFS, yaani desibeli za kompyuta, sifuri ndiyo dari yenyewe. Juu yake hakuna namba ya kuandika, na kwenye faili ya kawaida sauti ikitaka kuvuka hapo inakatwa. Ili mifumo hii miwili ielewane, watangazaji wa Ulaya wakakubaliana kukiweka kiwango chao cha kufanyia kazi kwenye -18 dBFS, na Wamarekani wakaiweka sifuri ya sindano kwenye -20. Sifuri mbili, zimeachana kwa karibu desibeli ishirini, na zote zinaitwa sifuri. Chalii anayejifunza kwa video, leo ya fundi wa mashine za zamani, kesho ya fundi wa kompyuta, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Ila mita anayoiangalia kwenye programu za muziki kama Cubase au FL Studio, ile inayoruka kijani na njano, kwa kawaida ni mita ya vilele. Inakwambia mahali pa juu kabisa wimbi lilipofika, hata kama lilifika hapo mara moja kwa kufumba na kufumbua. Haikwambii sauti iliyobaki ni nene kiasi gani. Kwa hiyo namba moja ya mita hiyo haiwezi kukupa hedirumu, kwa sababu hedirumu ni umbali, na umbali unahitaji ncha mbili.

Ncha ya pili unaipata kwenye mita ya LUFS, inayopima ukubwa wa sauti kwa wastani. Kipimo chake kimewekwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwenye waraka wa BS.1770, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2006, na kinajaribu kusikia kama sikio: besi ya chini kabisa kinaipunguzia uzito, sauti za juu kinaziongezea, na ukipima wimbo mzima kinaruka sehemu za kimya. Sasa chukua miksi mbili, vilele vya zote viko -6 dBFS. Ya kwanza inasoma -20 LUFS, ya pili -11. Kwenye mita ya vilele ni mapacha. Lakini ya kwanza ina desibeli 14 kati ya mwili wa wimbo na vilele vyake, na ya pili ina 5 tu, maana vilele vyake vilishakatwa. Hiyo ya pili ndiyo inayokuja na ujumbe wa "hedirumu ipo ya kutosha".

Ilifikaje hapo? Prodyuza kaweka limita, plagini inayokata vilele visivuke dari, kwenye chaneli kuu inayopitisha wimbo wote, ikawa inakata desibeli 8 kila kiki inapogonga, wimbo ukasimama kwenye sifuri na -5 LUFS. Halafu akakumbuka alisikia mahali kwamba mastaringi inataka mainasi sita, akashusha feda kuu (kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) kwa desibeli 6. Kwenye programu nyingi feda hiyo inakuja baada ya plagini, kwa hiyo limita haikujua kama kuna kilichobadilika. Vilele vikashuka mpaka -6, LUFS ikashuka mpaka -11, umbali ukabaki desibeli 5 zilezile. Ni sawa na kumkata abiria kichwa ili aenee kwenye kifodi, daladala ndogo, kisha ukampandisha Coaster na kumwonyesha nafasi kubwa iliyopo juu ya mabega yake.

Tena hiyo -6 siyo sheria ya mtu yeyote. Ni namba ya kukumbuka kirahisi, na haina ubaya ikitumika kama tahadhari ya kutogusa dari. Faili ya biti 24 (biti ni tarakimu zinazoandika kila kipande cha sauti) ina takriban desibeli 144 kutoka chini mpaka juu, kila biti moja ikibeba kama 6. Vilele vyako vikiwa -12 umepoteza biti mbili, zimebaki 22, wakati CD nzima ni biti 16. Kwa hiyo -3 ni sawa, -10 ni sawa. Kushusha faili nzima ni kazi ya sekunde moja kwa yeyote anayefanya mastaringi, na anaifanya kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Mwingine atakwambia miksi yake "iko -14 kama Spotify wanavyotaka", ukichungulia, -14 hiyo kaisoma kwenye mita ya vilele. Ile -14 ya Spotify ni LUFS ya wimbo uliokamilika, inahusu namna wanavyosawazisha sauti wakati wa kuucheza. Miksi inayokwenda mastaringi haina deni nayo.

Msanii pia ana mchango wake. Amekaa kwenye kochi nyuma yako, kaleta na washkaji, anauliza mbona ngoma yake iko chini kuliko ile aliyoisikia kwenye gari. Hapo limita inawekwa, na sioni kosa, mwache asikie. Kosa ni kuisahau pale wakati wa kutoa faili. Kompresa nyepesi, ile inayobana sauti kubwa taratibu, ikikata desibeli moja au mbili ni habari nyingine. Kama umemiksi ukiisikia tangu mwanzo, iache, maana ukiitoa dakika za mwisho mpangilio wote unayumba.

Basi chalii wangu, badala ya "iko mainasi sita", andika hivi: "Vilele -4 dBFS, biti 24, limita nimetoa, kompresa imebaki." Mstari mmoja huo unatosha kunijulisha faili imetokaje. Na kama limita ndiyo iliyoleta ule mlio unaoupenda, usiufute kimyakimya. Tuma faili mbili, yenye limita na isiyo nayo, ya kwanza nisikie ulikuwa unaelekea wapi, ya pili niifanyie kazi.