Kufananisha: kosa la mwandishi mwenye haraka

Ukimgusa mtu bega pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, ukidhani ni binamu yako, akageuka sura nyingine kabisa, unajiokoa kwa neno moja: "Samahani, nimekufananisha." Naye, akiwa muungwana, atakujibu kwamba duniani wawili wawili, kila mtu ashike njia yake. Kufananisha ni kulinganisha vitu, lakini pia ni kumdhania mtu kuwa mwingine. Maana hiyo ya pili ndiyo inayotuaibisha sisi tunaoripoti michezo, kwa kuwa tunamgusa mtu bega kamera ikiwa inarekodi.

Mbio zikiisha katika viwanja vya Nyayo au Kasarani, wanariadha hupita mbele yetu wakihema, namba ya kifuani imeshafunikwa na jaketi. Mashindano yakiwa ya kitaifa, unaweza kuona wanne wa timu ya Polisi wakifuatana, mavazi yaleyale. Mhariri naye yuko kwenye simu, anataka sauti ya mshindi sasa hivi.

Kisha kuna majina, na hapo ndipo penye kazi. Majina mengi ya Kikalenjin hueleza mtoto alizaliwa wakati gani: Kiprotich ni wa ng'ombe wakirudi nyumbani, Kiplagat ni wa usiku. Ng'ombe hurudi kila siku, basi akina Kiprotich wamejaa. Katika marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, dhahabu ilikwenda kwa Stephen Kiprotich wa Uganda na shaba kwa Mkenya Wilson Kipsang, ambaye naye ana jina la Kiprotich. Mwaka 2014, kwenye London Marathon, Edna Kiplagat alimshinda Florence Kiplagat kwa sekunde 3. Ukiandika "dada hao wawili" umeumbuka: hawana udugu.

Mimi yalinikuta Nyayo. Kijana mrefu, jaketi jekundu, nikamvamia na "hongera bingwa!" Nikamuuliza habari za mzunguko wa mwisho, akajibu vizuri tu. Nikamuuliza zawadi ataifanyia nini, akatabasamu. Swali la tatu ndipo aliponiinamia sikioni: "Mkubwa, mimi nilikuwa wa sita. Mwenyewe ni yule anayevua viatu." Alikuwa amenivumilia kwa adabu, nisiaibike mbele ya wenzangu.

Kuhadaiwa ni jambo jingine, kwani hapo kuna mtu aliyekusudia. Rosie Ruiz alivuka utepe wa Boston Marathon mwaka 1980 akiwa wa kwanza kwa wanawake, bila kukimbia njia yote. Kathrine Switzer, mkimbiaji mkongwe, alimhoji palepale na kumgusia mazoezi ya intavali, yaani kukimbia kasi kwa vipande na kupumzika kati yake, na bingwa hakujua intavali ni nini. Siku 8 baadaye ushindi ulirudishwa kwa Jacqueline Gareau wa Kanada. Switzer alikuwa ameuliza swali ambalo mkimbiaji yeyote angelijibu usingizini, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi, tunauliza "unajisikiaje?", na swali hilo hata mpita njia hulijibu.

Siku hizi naanza na maneno ya watangazaji wa zamani: "Kwa faida ya wasikilizaji, tutajie jina lako na timu yako." Juzi bingwa mmoja ambaye picha yake iko kwenye mabango ya mji mzima alinicheka: "Kwani hunijui?" Namjua sana. Nikamsogezea maikrofoni, naye akayataja majina yake yote matatu.