Uwanja Mkubwa wa Mabomu Hauui Zaidi: Dhana Potofu katika VGA Planets

Malalamiko ya wachezaji wa VGA Planets, mchezo wa kompyuta wa vita vya anga ambapo meli hugeuza torpedo kuwa mabomu ya kutegwa, ni yaleyale kila msimu: "Nimeongeza torpedo mia kwenye uwanja wangu ili uwe mzito, mbona adui bado amepita?" Amepita kwa sababu uzito huo haupo.

Dhana: Mabomu yakiongezeka, uwanja unakuwa hatari zaidi

Katika toleo la 3 la mchezo huu wa Tim Wisseman, kwa mipangilio ya kawaida, uwezekano wa meli isiyojificha kugonga bomu ni 1% kwa kila mwaka-nuru inaosafiri ndani ya uwanja. Uwanja uwe na mabomu 400 au 20,000, asilimia ni hiyohiyo. Mabomu ya ziada hupanua duara tu, na nusukipenyo chake ni kipeuo cha pili cha idadi ya mabomu: 2,500 hufika miaka-nuru 50, na 10,000 hufika 100. Anayetaka nusukipenyo mara mbili analipa mara nne.

Piga hesabu kabla ya kutega. Mabomu 10,000 katika duara moja yanafunga njia yenye upana wa miaka-nuru 200. Yagawe viwanja vinne vya 2,500 kwa mstari mmoja, unafunga 400. Meli ikikatiza katikati ya uwanja mdogo, uwezekano wa kugonga ni kama 63%. Katika ule mkubwa ni kama 87%. Nusu nzima ya mpaka ni bei kubwa mno kwa nyongeza hiyo. Tena warp 9, kasi ya juu kabisa ya injini, ni miaka-nuru 81 kwa zamu, kwa hiyo hata uwanja mdogo meli ya kawaida haiuvuki katikati kwa zamu moja.

Kisha kuna uchakavu wa 5% kila zamu. Mabomu 10,000 hupoteza 500. Kuyarudisha kwa torpedo za aina ya Mark 7, ambayo kila moja hutoa mabomu 81, kunataka torpedo 7: megakrediti 252 (fedha ya mchezo), na kilotani 7 za kila moja kati ya madini ya Duranium, Tritanium na Molybdenum. Kwa nini ulipie hayo kulinda anga tupu nyuma ya sayari zako? Lisha viwanja vinavyomkabili adui, vingine viache vinywee; uwanja wa miaka-nuru 100 usiolishwa bado una kama 77 baada ya zamu 10.

Ukitaka hatari ya kweli iongezeke, tega uwanja wa pili unaopishana na wa kwanza. Bahati ya meli kugonga bomu hupimwa upya katika kila uwanja. Lakini meli yako isimame nje ya ule wa zamani wakati wa kutega. Ikiwa ndani, mabomu yote yanamezwa na uwanja uliopo.

Dhana: Mark 8 ndiyo torpedo bora ya kutega

Kila torpedo hutoa mabomu sawa na namba ya aina yake ikizidishwa kwa yenyewe. Mark 8 ni aina ya 10: mabomu 100 kwa megakrediti 54. Mark 4 ni aina ya 6: mabomu 36 kwa 13 tu. Fedha ikibana, Mark 4 haina mpinzani. Madini na fedha vikibana kwa pamoja, chukua Mark 7 kwa 36, maana kila torpedo, iwe ya aina gani, hula kilotani moja ya kila madini. Mark 8 iache kwa vita. Roboti, moja ya jamii za mchezo, hupata mabomu mara nne, lakini mpangilio huu haubadiliki.

Dhana: Meli ikitega, inamaliza torpedo zote

Weka msimbo wa kirafiki (friendly code, herufi tatu unazoipa meli) mdh itege nusu, mdq robo, au md3 itege torpedo 30. Meli ya kivita iliyobaki bila torpedo mpakani ni meli iliyotolewa zawadi.

Dhana: Tega karibu kabisa na kundi la adui

Utegaji hufanyika kabla ya uteguaji, na uteguaji kabla ya mwendo. Meli moja yenye silaha 8 za miale aina ya Heavy Phaser hutegua mabomu 3,200 kwa zamu, yaani karibu torpedo 40 za Mark 7. Ikiwa tayari imesimama ndani ya duara lako jipya, torpedo hizo zinafutwa kabla haijasogea hata mwaka-nuru mmoja.