Bikoni si stesheni

Wiki iliyopita nimeitwa tena, na mzee mmoja, kukagua kiwanja anachotaka kununua Tabata, Dar es Salaam, bei imepanda mara mbili, na sababu ni ileile: "Injinia, wapima wamepita hapa, wamechimbia bikoni. Stesheni ya treni ya mjini inakuja." Huyu ni wa nne mwaka huu. Naandika kwa sababu mdomo umechoka.

Bikoni, kile kigingi cha mpima, ni ya kupimia. Huwekwa penye ardhi ngumu, mahali ambapo bikoni nyingine zinaonekana, na mara nyingi nje kabisa ya njia ya reli, maana ikikaa ndani katapila litaing'oa siku ya kwanza. Tena wakati wa upembuzi yakinifu hupimwa njia mbili tatu, ikabaki moja. Hata ukiona mashine ya kutoboa udongo imeegeshwa uani kwako, usishangilie. Huenda inatafuta sababu ya kukukwepa, kama udongo laini au maji. Wanaokaa kando ya mto Msimbazi watanielewa. Karakana ya mwendokasi pale Jangwani imeshafurika mara ngapi?

Ukitaka kubashiri, achana na vigingi, soma ardhi. Chuma juu ya chuma huteleza, hivyo treni haipandi mlima kama daladala, wala haikati kona ya kichochoro. Stesheni ndiyo inadeka zaidi. Mabehewa sita ya mita 20 yanataka jukwaa la mita 120, lililonyooka na karibu tambarare. Jukwaa likipinda, kati ya mlango na ukingo hubaki mwanya wa kumeza mguu wa mtoto. Sasa zunguka mtaani kwako utafute mita 120 za namna hiyo zisizo na nyumba. Ukizipata, njoo tuzungumze. Ukizikosa, treni itakupigia honi tu ikipita.

Ushauri wangu ni uleule kila siku: anza na reli iliyopo. Treni za abiria za Dar zilipoanza mwaka 2012, moja kati ya Stesheni ya katikati ya mji na Ubungo Maziwa, nyingine Tazara hadi Mwakanga, zilipita kwenye reli zilezile za zamani. Mjerumani alianza kujenga Reli ya Kati hapa mwaka 1905, akapitia Pugu. SGR, reli mpya ya kisasa, imekuja zaidi ya karne moja baadaye, nayo ina stesheni Pugu. Dalali hakuambii hayo, kwa kuwa viwanja vya huko si yeye anayeviuza.

Mengine nayapitia haraka.

Eti stesheni lazima iwe penye watu wengi. Muulize aliyepanda SGR ya Kenya, iliyoanza 2017: anashukia Miritini, si Mombasa mjini, na upande wa Nairobi anaishia Syokimau. Kufika mjini lazima apande chombo kingine.

Eti kila mtaa utapata kituo. Kila treni inaposimama, kufunga breki, kupakia na kuchanganya mwendo tena hula dakika moja hadi mbili. Weka vituo 20, umeshatupa nusu saa, na abiria karudi kwenye bodaboda.

Eti ukiwahi kuinua vyumba viwili, fidia itanona. Uthamini una tarehe ya ukomo, na kilichoota baada ya hapo hakihesabiwi. Na wewe uliyejenga ndani ya hifadhi ya reli ya zamani, usinipigie simu kabisa. Ile X nyekundu ya kubomolewa ukutani haina hundi nyuma yake.

Kile kiwanja cha Tabata nilikwenda kukiona. Bikoni ipo, imesimama vizuri juu ya kichuguu, na hatua kumi nyuma yake ardhi inakatika, korongo tupu. Nikamwambia mzee alipe bei ya kiwanja cha korongoni au aache. Amenuna, na nasikia jana amelipa kishika uchumba.