Tafakuri ya mwalimu wa muziki si kujipa alama

Wengi wanaojifunza kufundisha muziki huamini kwamba kutafakari baada ya kuwasilisha somo darasani ni kujiuliza kama walipiga ala vizuri, walizungumza bila kusitasita na kumaliza kwa wakati. Dhana hiyo inapotosha, kwa sababu inamfanya mwalimu ajipime kama msanii jukwaani, ilhali kinachopaswa kuchunguzwa ni kile ambacho wanafunzi walisikia, waliimba na kuelewa.

Chukua somo la kufundisha wimbo mstari mmoja mmoja. Mwalimu akiimba pamoja na wanafunzi muda wote, sauti yake hufunika makosa yao, naye huondoka akiamini kwamba wameishika tuni. Akisikiliza rekodi ndipo hugundua kwamba kila aliponyamaza darasa lilishuka ufunguo (kimo cha sauti ambacho wimbo huimbiwa), au kwamba mapigo yalizidi kasi kwenye mstari mrefu, pale pumzi zilipowaishia. Ushahidi huo haupatikani kwa kumbukumbu peke yake. Ndiyo maana rekodi, hata ya simu, ina thamani kubwa kuliko hisia za baada ya kipindi.

Aidha, tafakuri haingoji somo liishe. Donald Schön, mwanafalsafa Mmarekani aliyechunguza jinsi wataalamu wanavyojifunza kazini, katika maandishi yake ya mwaka 1983, alitofautisha kutafakari wakati wa kutenda na kutafakari baada ya kutenda. Mwalimu anayesikia wanafunzi wakikaza koo kwenye noti za juu, akashusha ufunguo papo hapo, tayari anatafakari. Baadaye atajiuliza kwa nini alichagua ufunguo ule tangu mwanzo, na jibu ataliandika kwenye andalio la somo lijalo.